Setelaiti: Bosi wa yote ni umbali



Kila mkongo wa baharini ukikatika, swali ni lile lile: jamani, si kuna setelaiti? Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikatika upande wa Afrika Kusini. Intaneti ikaanza kusuasua Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko, na swali likarudi. Kwa nini tusihamie huko juu tukaachana kabisa na nyaya za chini ya bahari?

Kulijibu swali hili hakuhitaji digrii ya uhandisi. Ukishika jambo moja tu, yaani UMBALI, mengine yote yanajieleza: kwa nini simu inachelewa, kwa nini dishi lingine ni kubwa kama paa la banda, kwa nini mvua inakata picha na kwa nini bili inauma.

Tuanze na setelaiti zenyewe. Mwaka 1945 Mwingereza Arthur C. Clarke aliandika kwenye jarida la Wireless World kwamba chombo kikiwekwa juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini, kitaizunguka dunia kwa muda ule ule ambao dunia inajizungusha yenyewe. Maana yake wewe uliye chini utakiona kimesimama pale pale, mchana na usiku. Wakati ule ilionekana ndoto. Mwaka 1964 Marekani wakarusha Syncom 3 na ndoto ikawa kweli. Mwaka 1970 Kenya ikafungua kituo chake cha ardhini pale Longonot, na simu za nje ya bara zikaanza kupitia angani.

Uzuri wa setelaiti iliyosimama ni kwamba fundi akishalenga dishi lako mara moja, basi, kazi imekwisha. Na sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati. Setelaiti iliyopo digrii 36 mashariki, inayorusha televisheni za kulipia kwetu, ipo karibu utosini kwa mtu wa Dar. Ndiyo maana madishi yetu yamelala chali kama mtu anayehesabu nyota. Nenda London utayakuta yamesimama wima ukutani, kwa sababu kule setelaiti inaonekana chini, karibu na upeo wa macho.

Sasa setelaiti inafanya nini hasa? Wengi wanadhani ni kompyuta kubwa inayofikiri. La hasha. Nyingi kati ya hizi zilizosimama ni kama kioo chenye nguvu: zinapokea mawimbi dhaifu kutoka chini, zinayakuza, zinabadilisha masafa yake, halafu zinayarudisha chini. Kwa nini zibadilishe masafa? Fikiria mtu anayepiga kelele huku anajaribu kusikia mnong'ono. Kelele yake mwenyewe itamziba masikio. Kwa hiyo kupanda kuna masafa yake na kushuka kuna yake. Umeme wa kazi yote hiyo unatoka kwenye paneli za sola.

Hapa ndipo umbali unapoanza kudai chake.

Mawimbi ya redio husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde. Ni mbio kwelikweli, lakini kupanda na kushuka ni kilomita 72,000. Hiyo ni robo sekunde. Mwenzako akijibu, robo nyingine. Ukiuliza "hujambo?" unakaa nusu sekunde kabla ya kusikia "sijambo". Ndiyo maana mwandishi wa habari aliye mbali huonekana kwenye TV amesimama kimya, anatikisa kichwa, ndipo anajibu. Kwenye intaneti ni balaa zaidi, kwa kuwa ukurasa mmoja unatuma maombi mengi, na ombi linalosubiri jingine lijibiwe nalo linalipa nusu sekunde yake. Kwa fizikia huwezi kutoa rushwa, bwana.

Mawimbi hayo yakifika chini yamechoka sana, yametawanyika eneo kubwa. Dawa ya zamani ilikuwa dishi kubwa, lile la mita mbili au tatu. Baadaye yakaja masafa ya juu zaidi, na dishi la chini ya mita moja likatosha. Ila kila kitu na gharama yake: mawimbi ya masafa ya juu ni mafupi, na matone ya mvua huyanyonya na kuyatawanya. Masika yakishika, picha inakwenda. Wenye madishi makubwa ya zamani wao wanaendelea kuangalia mpira.

Na pesa je? Kabla ya SEACOM kufika Julai 2009, Afrika Mashariki ilitegemea setelaiti kwa karibu intaneti yake yote. Megabiti moja kwa mwezi ilikuwa maelfu ya dola, na hiyo moja iligawanywa kwa café nzima. Kibaya zaidi, pasipo kituo cha kubadilishana mawasiliano hapa hapa nchini, barua pepe ya mtu wa mtaa huu kwenda mtaa wa pili kwa kampuni nyingine ilipanda angani, ikashuka Ulaya au Marekani, ikapanda tena ndipo irudi. Kilomita zaidi ya 140,000 kumsalimia jirani! Kenya walifungua kituo chao mwaka 2000, kikafungwa baada ya kampuni ya simu yenye ukiritimba kulalamika, kikafunguliwa tena 2002. Kwa hiyo siyo fizikia peke yake iliyotuchelewesha.

Haya, tuje kwenye hizi mpya, za aina ya Starlink. Hazikuondoa sheria ya umbali, zimeitii. Zimeshushwa hadi kama kilomita 550, kwa hiyo kule kuchelewa kwa nusu sekunde kunashuka hadi sehemu ndogo sana ya sekunde. Lakini chombo kilicho chini hivyo hakiwezi kusimama. Kinazunguka dunia kwa kama dakika 95, na juu ya nyumba yako kinapita kwa dakika chache tu. Kwa hiyo zinahitajika maelfu, zikikabidhiana mteja kama minara ya simu inavyokukabidhi ukiwa kwenye basi. Na kisahani chako hakigeuki: kinaelekeza mawimbi yake kwa umeme, bila kusogea.

Tatizo jipya ni kugawana. Setelaiti moja inamwaga uwezo wake kwenye eneo fulani, na wote mliomo mnachota tanki moja. Kijijini mko wachache, mnafurahi. Mjini mko wengi, mnapanga foleni. Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti za jirani kwa sababu eneo lilikuwa limejaa, ikafungua tena 2025.

Linganisha na mkongo. Uwezo wa setelaiti moja unahesabiwa kwa gigabiti, wa mkongo kwa terabiti, na terabiti moja ni gigabiti elfu moja. Hapo ndipo jibu la swali letu lilipo. Nchi nzima haiwezi kuhamia juu. Mji wenye mamilioni ya watu unahitaji mkongo, tena zaidi ya mmoja na kwa njia tofauti. Lakini zahanati ya kisiwani, shule ya porini, meli iliyo baharini, au benki siku mkongo umekatika, hapo setelaiti ni mkombozi.

Na msisahau: kila kinachopanda lazima kishuke mahali. Ujumbe wako hatimaye unashuka kwenye kituo cha ardhini katika nchi fulani, chini ya sheria za nchi hiyo. Kituo kikiwa mbali, safari inarefuka na malipo yanakwenda huko. Kwa hiyo wakubwa wetu wakitoa leseni, la kuuliza siyo bei ya kisahani tu. Waulize: mlango wa kushukia uko wapi?

Mdau uliyewahi kufunga VSAT enzi zile, au unayetumia hizi mpya kijijini sasa hivi, tupe uzoefu wako hapo chini. Mvua ikinyesha huko kwako, inakuwaje?