Wiki Moja ya Machi 1933: Roosevelt na Benki Zilizofungwa

Franklin Roosevelt alipoapishwa kuwa Rais wa Marekani tarehe 4 Machi 1933, uchumi wa nchi hiyo ulikuwa umeporomoka kwa zaidi ya miaka mitatu. Katika kila wafanyakazi wanne, mmoja hakuwa na kazi. Benki zaidi ya 5,000 zilikuwa zimekufa tangu 1930. Alfajiri ya siku ile ya kiapo, magavana wa New York na Illinois walizifunga benki za majimbo yao, na majimbo mengi yalikuwa yamekwisha kufanya hivyo.

Siku mbili baadaye, Roosevelt aliamuru benki zote nchini zifungwe. Inashangaza kwamba nchi iliyokosa fedha iliokolewa kwa kufungiwa milango ya benki. Ili kuelewa kwa nini amri ile ilifaa, tuanze na namna benki inavyofanya kazi.

Benki si kibubu. Ukiweka fedha zako, sehemu ndogo tu hubaki kwa ajili ya wanaokuja kutoa. Nyingine hukopeshwa mkulima, mfanyabiashara au anayejenga nyumba. Siku za kawaida hilo halina tatizo, kwa kuwa wateja hawaji kutoa wote kwa pamoja. Lakini uvumi ukienea kwamba benki inayumba, kila mwenye amana huona heri awahi kabla fedha hazijaisha. Kwa mtu mmoja huo ni uamuzi wa busara. Wakiufanya wote, benki hulazimika kuuza mali zake kwa bei ya kutupa, na hata ile iliyokuwa nzima huanguka. Benki zikianguka, mikopo hukauka, viwanda hupunguza watu, na waliopoteza kazi hushindwa kulipa madeni yao kwa benki zilizobaki.

Rais aliyemtangulia, Herbert Hoover, hakukaa bure. Mwaka 1932 serikali yake iliunda shirika la kuzikopesha benki zilizobanwa. Tatizo ni kwamba kuanzia Agosti mwaka huo majina ya benki zilizokopa yalianza kutangazwa hadharani. Mwenye amana akiona jina la benki yake katika orodha, alielewa kwamba ina shida, akaenda kutoa. Msaada wenyewe ukawa chanzo cha hofu. Mwezi Februari 1933 gavana wa Michigan alifunga benki za jimbo lake, na wakazi wa majimbo mengine wakakimbilia zao kabla nao hawajafungiwa.

Amri ya Roosevelt ya tarehe 6 Machi, iliyoegemea sheria ya mwaka 1917 ya wakati wa vita, ilikatisha mbio hizo kwa nchi nzima kwa mara moja. Benki zote zikiwa zimefungwa, hakuna anayefaidika kwa kuwahi foleni. Muda ukapatikana wa kuzichambua: zipi ni imara, zipi zahitaji kuongezewa mtaji, na zipi zimekwisha kufilisika. Maofisa wa Hazina waliokuwa chini ya Hoover walibaki kusaidia kazi hiyo, ingawa rais wao alikuwa ameshindwa uchaguzi.

Tarehe 9 Machi Bunge lilipitisha Sheria ya Dharura ya Benki kwa siku moja, na wabunge wengi waliipigia kura bila kuwa na nakala mkononi. Sheria hiyo iliiruhusu serikali kuzifungua benki kwa leseni na kununua hisa katika zile zilizopungukiwa mtaji. Muhimu zaidi, iliipa Benki Kuu uwezo wa kutoa noti za dharura kwa dhamana ya mali nzuri za benki. Maana yake, benki ikifunguliwa na wateja wakaja kutoa, noti zingekuwepo.

Jumapili usiku, tarehe 12 Machi, Roosevelt alizungumza redioni kwa chini ya robo saa. Kwa lugha ya kawaida alieleza benki hufanya nini na fedha za watu, kwa nini zilifungwa, zipi zingefunguliwa Jumatatu na zipi zingesubiri. Hakuahidi kwamba benki zote zingefunguliwa, wala kwamba hakuna atakayepata hasara. Kesho yake foleni zilionekana tena, safari hii za watu wanaorudisha fedha walizokuwa wamezificha nyumbani. Kabla mwezi haujaisha, zaidi ya nusu ya fedha hizo zilikuwa zimerudi benki. Soko la hisa la New York lilipofunguliwa tarehe 15, bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 15 kwa siku moja.

Hotuba ile husifiwa sana, na inastahili. Lakini maneno yale yalipata nguvu kwa sababu nyuma yake palikuwa na sheria, noti na ratiba ambayo kila msikilizaji angeweza kuihakikisha asubuhi iliyofuata.

Haya yote hayakumaliza mdororo, wala hayakumwokoa kila mtu. Maelfu ya benki hazikufunguliwa tena, na wengi wa wateja wao walipoteza sehemu ya akiba. Bima ya amana, ambayo leo huhesabiwa kuwa urithi mkubwa wa kipindi kile, Roosevelt mwenyewe aliitilia shaka mwanzoni. Bunge ndilo lililoisukuma. Ilianza Januari 1934 kwa kulinda hadi dola 2,500 kwa kila mwenye amana, na mwaka huo ni benki 9 tu zenye bima zilizoanguka. Ajira ilichelewa zaidi. Mwaka 1937 serikali na Benki Kuu zilibana matumizi na mikopo mapema mno, uchumi ukarudi nyuma, na ukosefu mkubwa wa kazi ulikwisha tu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Urithi wa bima hiyo uko kwetu pia. Kenya hulinda amana hadi shilingi 500,000 za nchi hiyo kwa mteja katika kila benki, na Tanzania hadi shilingi milioni 7.5 za kwake. Hata hivyo, Aprili 2016 Chase Bank ya Kenya iliwekwa chini ya usimamizi baada ya taarifa za mitandaoni kuwafanya wateja kukimbilia fedha zao. Bima isiyojulikana na wenye amana haiwezi kuwatuliza. Kila anayefungua akaunti anastahili kuambiwa siku hiyohiyo kiwango kinacholindwa na ni nani atakayemlipa. Na kiongozi anayewaomba wananchi watulie aje na majibu ya maswali matatu: benki ipi ni nzima, fedha zitatoka wapi, na milango itafunguliwa lini.