Je, Wajua? Dakika Kumi Chini ya Theluji

Je, wajua kwamba mtu aliyefukiwa na theluji amezungukwa na hewa? Theluji iliyoanguka usiku, kabla haijakanyagwa, ni hewa tupu kwa sehemu tisa kati ya kumi. Hata ile iliyoporomoka mlimani ikajigandamiza ina hewa karibu nusu yake. Kinachomuua aliyelala chini yake ni pumzi yake mwenyewe. Joto la pumzi linayeyusha theluji iliyo mbele ya pua, maji yale yanaganda tena kuwa utando wa barafu, na hewa ukaa aliyoitoa inakosa pa kwenda. Anaivuta tena. Na tena. Shika hilo, ndugu msomaji, maana ndilo lililozaa karibu kila kifaa utakachosoma habari zake hapa.

Je, wajua kwamba baridi kwa kawaida haipati hata nafasi ya kuua? Takriban robo tatu ya wanaokufa katika maporomoko ya theluji hufa kwa kukosa hewa. Wengi wa waliobaki huuawa na majeraha ya kugongwa na miti na miamba.

Je, wajua muda ulivyo mfupi? Mwaka 1994 jarida la Nature lilichapisha hesabu ya ajali za Uswisi: kwa aliyefukuliwa ndani ya dakika 15, uwezekano wa kutoka hai ulikuwa asilimia 92, kwa aliyefukuliwa dakika ya 35, asilimia 30. Hesabu mpya iliyotoka 2024, nayo ya Uswisi, imeukaza muda huo zaidi. Sasa inasemwa ni dakika 10 tu ambazo ndani yake zaidi ya watu tisa kati ya kumi hupona. Dakika kumi ni sufuria ya chai tu kuchemka. Helikopta haijawasha hata injini. Mwenye uwezo wa kukutoa ni yule uliyepanda naye mlima asubuhi ile.

Je, wajua kwamba neno letu theluji limetoka Uarabuni, na barafu limetoka Uajemi? Kule Uajemi barf ni theluji yenyewe, ile laini inayoanguka. Sisi tulilichukua tukalipa kitu kigumu kinachokaa kwenye friji. Aliyefukuliwa kutoka chini ya poromoko angewaunga mkono Waswahili: theluji iliyokuwa inamiminika kama maji, ikisimama tu, hushikana kama zege. Wapo walioshindwa kusogeza hata kidole.

Je, wajua kwamba mbwa wa Saint Bernard hawakuwahi kuvaa kile kipipa cha pombe shingoni? Mchoraji wa Kiingereza Edwin Landseer ndiye aliyemvisha mbwa kipipa, katika picha ya mwaka 1820, na dunia ikaamini. Mbwa wenyewe walikuwa wa kweli. Barry, aliyeishi kati ya 1800 na 1814 na kufanya kazi kwenye nyumba ya watawa ya Great St Bernard, mpakani mwa Uswisi na Italia, anasifiwa kwa kuokoa watu zaidi ya 40. Mwili wake umehifadhiwa katika makumbusho ya mjini Bern.

Je, wajua kwamba kifaa cha mwanzo cha kuvaa kilikuwa kamba? Mwanzoni mwa karne ya 20, Eugen Oertel, mpanda milima wa Bavaria, alipendekeza watu wafunge kiunoni kamba nyekundu ya mita kadhaa na kuiburuta nyuma yao. Kamba ni nyepesi, kwa hiyo kipande chake kingebaki juu, na mwokoaji angeifuata hadi kwa mwenyewe. Wakati mwingine ilibaki juu kweli. Wakati mwingine ilizama yote pamoja na aliyeivaa.

Je, wajua Skadi ni nani? Katika simulizi za kale za watu wa Skandinavia ni mungu wa kike wa milima na majira ya baridi, mwindaji anayeteleza juu ya theluji. Mwaka 1968 mhandisi John Lawton, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Cornell mjini Buffalo, Marekani, alilichukua jina hilo akalipa redio ndogo aliyoitengeneza. Hiyo ndiyo transiva ya kwanza iliyofaa kazi. Kila mmoja katika msafara anaivaa kifuani na kuiacha ikipiga ishara kutwa nzima. Poromoko likimchukua mmoja, wote waliobaki wanageuza swichi: redio zao zinaacha kuita, zinaanza kusikiliza. Sauti inayosikika ni ya yule aliye chini.

Hapo kuna jambo ambalo kila nikilifikiria linanigusa. Transiva uliyoivaa haikusaidii kitu wewe uliyefukiwa. Huwezi kuisikia wala kuibonyeza. Umeivaa ili rafiki yako akuone, naye kaivaa yake ili wewe umwone.

Je, wajua kwamba kuna wakati marafiki walikuwa viziwi wao kwa wao? Skadi ilitumia kilohezi 2.275, ambazo sikio linaweza kuzisikia moja kwa moja kupitia kidude cha masikioni. Baadhi ya watengenezaji wa Ulaya wakachagua kilohezi 457, zinazofika mbali zaidi. Mtu wa redio ya namna moja alikuwa akisimama juu kabisa ya mwenzake mwenye redio ya namna nyingine asisikie lolote. Mwaka 1986 ndipo 457 ilipokubaliwa kuwa masafa ya wote, na kwa miaka kadhaa baadaye bado watu walikuwa wakibadilisha vifaa vyao. Kwa waliokulia kwenye redio za mbao: masafa hayo yako chini kidogo tu ya pale mkanda wa masafa ya kati unapoanzia.

Je, wajua kwamba transiva haikupeleki kwa mtu kwa mstari ulionyooka? Ishara yake inasafiri kwa kupinda, kama unga wa chuma unavyojipanga kuzunguka sumaku. Mtafutaji anafuata upinde huo, namba kwenye kioo zikipungua: 30, 18, 7. Anayekata moja kwa moja kwa kujiamini hupotea. Akikaribia, anainamisha kifaa hadi kwenye theluji na kwenda polepole.

Na simu? Iwe mbali. Wakati wa kutafuta, nusu mita angalau kati yake na transiva, au izimwe kabisa, kwa sababu umeme wake huchafua ishara.

Je, wajua kwamba kazi nzito ni kuchimba? Ukishafika pa kuchimba, unachomeka ufito mrefu wa kukunjua, wa mita mbili na nusu hadi tatu, chomo moja kila sentimita 25, ukizunguka kama konokono, hadi uguse kitu kinachobonyea kidogo. Unauacha ufito pale pale. Kisha unashika beleshi. Mtu aliye mita moja chini anakudai uhamishe zaidi ya tani moja ya theluji, nawe una dakika chache tu. Mswisi Manuel Genswein aliwafundisha waokoaji wasirundikane juu ya shimo: wajipange kwa umbo la V, wa mbele akate na wa nyuma wasukume theluji iteremke, na wabadilishane nafasi kabla mikono haijachoka. Hapo nasema wazi: mwenye transiva ya bei ghali asiye na beleshi anachoweza kufanya ni kuonyesha mahali mwenzake anapofia.

Je, wajua kwamba puto la kuokoa watu lilianzia mabegani mwa mwindaji? Miaka ya 1970 mhudumu wa misitu huko Bavaria aligundua kwamba, akibebwa na theluji huku amejitwika mnyama aliyemwinda, alibaki juu. Peter Aschauer alinunua hataza ya wazo hilo mwaka 1980, na mwaka 1985 akaonyesha shanta yenye mfuko wa hewa ndani: unavuta mpini, puto la lita 150 hivi linafunguka kwa sekunde chache.

Siri yake yajulikana kila jikoni. Tikisa debe lenye mchele na karanga, karanga zitapanda juu. Poromoko nalo ni debe linalotikiswa: chembe ndogo zinapenya chini, kilicho kikubwa kinasukumwa juu. Puto linamfanya mtu kuwa mkubwa. Utafiti wa mwaka 2014 ulikuta kwamba kati ya waliobebwa vibaya na maporomoko, vifo vilishuka kutoka asilimia 22 hadi 11 puto lilipofunguka. Lakini moja kati ya kila maputo matano halikufunguka, na mara nyingi ni kwa sababu mwenyewe hakuuvuta mpini. Usimlaumu. Ardhi imemkimbia chini ya miguu. Ndiyo maana wakufunzi huwafanya watu wauvute mara nyingi wakiwa wamesimama salama, hadi mkono uujue wenyewe. Na puto halina la kufanya kama umetupwa korongoni na theluji ikaja juu yako.

Je, wajua kwamba nguo inaweza kuitika bila betri? Mwishoni mwa Desemba 1973, poromoko katika mji wa Åre, Sweden, lilimuua rafiki wa Magnus Granhed, naye alikuwa miongoni mwa waliomtafuta kwa kuchomachoma fito. Akaapa kutafuta njia bora. Kilichozaliwa ni RECCO: kipande chembamba chenye dayodi, kinashonwa kwenye koti au suruali. Mwokoaji akikimulika kwa mawimbi ya rada, kinarudisha wimbi lenye masafa mara mbili ya lile lililotumwa, hivyo halichanganyikani na mwangwi wa miamba. Mtu wa kwanza aliyepatikana hai kwa njia hiyo alitolewa Lenzerheide, Uswisi, mwaka 1987. Lakini kifaa cha kumulikia kinabebwa na kikosi cha uokoaji, na kikosi huja baada ya zile dakika kumi. Ni nyongeza juu ya transiva.

Je, wajua kwamba watu hukubali kufukiwa wakiwa hai kwa ajili ya utafiti? Thomas Crowley, daktari wa Denver, alibuni AvaLung, mrija unaoubana kwa meno: unavuta hewa kutoka kwenye theluji ya kifuani, na pumzi yako inatolewa mgongoni. Jaribio lililochapishwa mwaka 2000 lilionyesha waliofukiwa nayo walikaa wastani wa dakika 58, wasio nayo dakika 10. Udhaifu wake ni kwamba mrija lazima uwe mdomoni kabla theluji haijakufunika.

Wanorway wa kampuni ya Safeback wakauondoa mrija kabisa. Feni ndogo ndani ya shanta inanyonya hewa iliyomo kwenye theluji nyuma yako na kuipuliza usoni. Katika milima ya Dolomiti, Italia, watu 24 walijitolea kulala kifudifudi chini ya nusu mita ya theluji na zaidi, nusu yao wakiwa na feni inayofanya kazi. Kati ya hao 12, watu 11 walimaliza dakika zote 35. Upande wa pili, nusu yao walikuwa wameshatolewa kabla ya dakika ya 7, wengi kwa sababu oksijeni ilishuka mno damuni.

Je, wajua kinachofanyika kabla ya hatua ya kwanza? Kiongozi anatangulia mita chache, anageuza transiva yake isikilize, anasimama. Wengine wanapita mbele yake mmoja mmoja, wakiachiana nafasi. Kwa kila anayepita, kifaa kinalia. Kikinyamaza, msafara wote unasimama hapo hapo na mtu huyo anafungua koti, anabadilisha betri, anapita tena.