Kigari cha Kompyuta na Hifadhi ya Amana

Shukrani zote zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewaneemesha waja wake kwa elimu na maandishi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, wanaume kwa wanawake, huenda baadhi yenu wakastaajabu kuona gazeti la dini likizungumza juu ya ubao wenye magurudumu. Lakini dini yetu haikuliacha jambo la nyumbani, hata likawa dogo namna gani. Mtume (S.A.W.) aliwaamuru watu wazime taa zao wanapolala, naye akaitaja sababu: panya aweza kuukokota utambi akaiunguza nyumba na waliomo. Basi ikiwa panya na utambi vilistahili kutajwa na mbora wa viumbe, sisi hatuoni haya kuzungumza juu ya kompyuta na maji ya deki.

Zamani hesabu za nyumba na za duka zilikaa katika daftari, na daftari likakaa rafuni. Leo baadhi ya nyumba za Waislamu zina kompyuta ya mezani. Watoto huisomea, wazazi huiwekea hesabu, na wengine huhifadhi ndani yake darsa za masheikh. Mashine hiyo ina kioo chake, na kibodi, na kipanya. Kisha lina lile sanduku lisimamalo wima, ambalo watu wengi huliita “sipiyu”, ijapokuwa sipiyu hasa ni kipande kidogo tu kilichomo ndani yake, kifanyacho hesabu. Sanduku hilo ndilo lenye kila tulichokiandika. Nalo ndilo, katika nyumba nyingi, liwekwalo mahali pabaya kuliko vyote, yaani sakafuni chini ya meza.

YALIYOTUFIKA

Nitasimulia yaliyotufika sisi wenyewe hapa Tanga, ili mwenye masikio ajifunze kwa hasara ya mwenziwe. Tuna duka dogo la vyakula mbele ya nyumba. Mwenyezi Mungu ametuamuru katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 282, tuyaandike madeni tunayokopeshana kwa muda. Nasi tulikuwa tukiyaandika, ila tulikuwa tukiyaandika katika kompyuta peke yake. Sanduku lake lilikuwa sakafuni, ubavuni mwa mguu wa meza.

Mkesha wa Idi ya Mfunguo Mosi, mwaka 1444 (Aprili 2023), nyumba ilikuwa ikioshwa kwa ajili ya sikukuu, na ndoo ikapinduka sebuleni. Maji yalikwisha kufika chini ya meza kabla ya mtu kuwahi kushika tambara. Mashine ilikuwa inawaka, kwa kuwa mimi mwenyewe niliiacha hivyo nikaenda msikitini. Feni iliyo chini ya sanduku ikayavuta maji. Ukasikika mlio mmoja, ikatoka harufu ya kuungua, na umeme wa nyumba ukakatika. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba binti aliyekuwa akipiga deki hakudhurika. Walakini fundi alipoifungua mashine alitwambia kwamba diski yenye hesabu zetu haisomeki tena.

Hasara ya mashine ilikuwa nyepesi. Tuliokuwa tukiwadai, wengi wao, Mungu awajazi kheri, walikuja wenyewe wakatwambia, “Kwetu mna kiasi hiki na hiki.” Lililotukosesha usingizi ni deni letu sisi. Katika hesabu zile alikuwamo mzee mmoja aliyekuwa akituletea mchele kwa mkopo, naye alikuwa amefariki katika mwezi wa Shaabani, ameacha mayatima. Kila Mwislamu anajua uzito wa deni, na anajua zaidi uzito wa mali ya yatima. Mwenyewe hayuko wa kuulizwa, na watoto hawana walijualo. Ilitubidi tukae na shemeji yake tuyakumbuke magunia moja moja, kisha tulipe kiasi kikubwa kabisa tulichokidhania na kuongeza juu yake. Na hata leo moyo haujapata yakini kuwa tumemaliza. Haya yote, ndugu zangu, kwa sababu ya vidole vinne vya kimo vilivyokosekana baina ya sanduku na sakafu.

FAIDA YA MAGURUDUMU

Mtu aweza kuuliza: Je, haitoshi kuliweka sanduku juu ya meza, au juu ya matofali? Juu ya meza ni pazuri, ikiwa meza ni pana na imara. Matofali nayo hulinyanyua, ni kweli. Lakini likishakaa juu yake halisogei tena, na nyuma yake hukusanyika vumbi, na nywele, na utando wa buibui, ambavyo feni huvivuta ndani siku zote. Kigari humwezesha anayefagia kulivuta sanduku, akasafisha nyuma yake, akalirudisha pasipo kuinua uzito. Humwezesha pia kijana wa nyumbani kuzifikia nyaya za nyuma bila ya kujipinda chini ya meza. Na katika nyumba zetu, ambamo sebule ndiyo pia mahali pa kusali jamaa, sanduku husogezwa kando, misala ikatandikwa, na safu ikanyooka.

KWANZA, PIMA KABLA YA KUNUNUA

Wengi hununua kigari kwa macho, wakafika nyumbani wakakuta sanduku haliingii. Chukua futikamba, upime upana, urefu wa kwenda nyuma, na kimo. Masanduku ya kawaida huwa na upana wa kiasi cha sentimita 18 mpaka 23. Yale membamba ya maofisini huwa na sentimita 10 hivi. Na yako makubwa yapitayo 25. Vigari vingi vya dukani vina pande mbili zinazoweza kusogezwa, zikabana au zikapanuka. Soma upana wa mwisho unaoandikwa juu ya boksi, wala usikisie.

Kisha pima nafasi iliyo chini ya meza. Sanduku lenye kimo cha sentimita 45, likipandishwa juu ya kigari cha sentimita 8, litakuwa 53. Ikiwa meza yako ina droo au ubao wa kuvutia kibodi, huenda nafasi isitoshe. Acha pia nafasi ya sentimita 10 baina ya mgongo wa sanduku na ukuta, kwani huko nyuma ndiko hewa ya moto itokako.

Jambo la tatu la kupimwa ni nyaya. Sanduku litembealo lahitaji nyaya zenye ziada. Likivutwa na waya wa kioo ukawa umekazana, ama waya utakatika, ama kioo kitaanguka.

PILI, TAZAMA FENI IKO WAPI

Kompyuta hupumua. Huvuta hewa baridi upande mmoja na kuitoa yenye joto upande mwingine. Katika masanduku mengi ya siku hizi, kile chombo kinachopokea umeme wa ukutani kimewekwa chini kabisa, na feni yake huvuta hewa kutoka chini. Kwa hiyo kigari chenye ubao mzima usio na tundu huiziba pumzi yake. Linaza sanduku likiwa limezimwa, utazame chini yake. Ukiona wavu au matundu, chagua kigari kilicho wazi katikati, au chenye mianya mipana. Sanduku lililokaa juu ya zulia laziba vivyo hivyo, na hiyo ni sababu nyingine ya kuliinua.

TATU, YAJARIBU MAGURUDUMU

Hapa ndipo penye hadaa nyingi za madukani. Kigari chaweza kuwa kizuri kwa rangi, na magurudumu yake yakawa dhaifu. Sanduku la kawaida lina uzito wa kilo 7 mpaka 15. Msidhani kwamba uzito huo hugawanyika sawasawa kwa magurudumu manne. Sakafu zetu si tambarare, na mara nyingi matatu ndiyo yaliyobeba na moja laning'inia. Basi gawa kwa tatu. Sanduku la kilo 12 laweka kilo 4 juu ya kila gurudumu, nasi twapenda gurudumu liweze kuchukua zaidi ya mara mbili ya hizo, kwa ajili ya mishtuko na ya mtoto atakayejaribu kulipanda.

Katika sakafu ya vigae au ya saruji, magurudumu yenye mpira ni bora, kwani hayakwaruzi wala hayateleze; juu ya zulia, yale magumu ya plastiki huenda kwa wepesi zaidi. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimita 5 huvuka mwanya wa vigae na ukingo wa mkeka; lile dogo la nusu yake hukwama, na sanduku likaelemea mbele. Tena magurudumu mawili, kwa uchache, yawe na breki. Kigari kisicho na breki katika nyumba yenye watoto ni mchezo wao, na mwisho wa mchezo ni kilio.

NNE, MBAO AU CHUMA

Hewa ya pwani ina chumvi, na chumvi ni adui wa chuma. Ukinunua cha chuma, hakikisha rangi yake imeshika mpaka kwenye pembe na matundu ya skrubu. Vile vya unga wa mbao uliogandamizwa vyapendeza vikiwa vipya, lakini vikipata maji huvimba kama mkate uliotoswa chaini, na skrubu zikatoka. Plastiki nene haili kutu wala haivimbi. Itazame tu isiwe ya kupinda chini ya mkono.

Wala si lazima kununua. Sisi tulimwendea fundi seremala, akatutengenezea cha mninga. Sanduku letu lina upana wa sentimita 20 na urefu wa 45. Alikata ubao wa sentimita 30 kwa 50, ili uwe mpana kuliko sanduku lenyewe na usipinduke upesi. Akatoboa dirisha chini ya feni. Akazungushia kingo za sentimita 4 karibu na sanduku, ili lisiteleze likaanguka. Akaupaka vanishi juu na chini. Kisha akafunga magurudumu manne katika pembe. Wema wake ni kwamba fedha ilibaki mtaani kwetu, na kipimo kilikuwa chetu.

Msinunue cha fahari kwa kujionyesha, kwani huo ni israfu. Wala msichague kibovu kwa sababu ya ubahili, mkakinunua mara mbili.

ADABU ZA KUKITUMIA

Kabla ya kulisogeza sanduku, zima mashine. Diski za namna ya zamani zina sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa nafasi iliyo ndogo mno kuliko unene wa unywele. Mtikisiko mmoja waweza kuharibu kazi ya miaka. Wakati wa kupiga deki, zima na uchomoe plagi ukutani, na mikono iwe mikavu. Jino la tatu la plagi, ambalo ni la waya wa ardhini, lisikatwe kamwe. Kile kitambaa kizuri cha kufunikia kiwekwe mashine ikiwa imezimwa na kupoa, si kabla. Na juu ya sanduku pasiwekwe kikombe cha chai; wala pasiwekwe Msahafu, kwani hapo ni usawa wa miguu.

Mwisho wa maneno ni huu. Kigari hakizuii kadari, nacho si badala ya nakala. Tangu siku ile, kila Ijumaa baada ya sala ya Alasiri, tunayanakili madeni katika daftari la karatasi, na nakala nyingine katika flashi inayokaa kabatini. Mtume (S.A.W.) alipoulizwa na mtu juu ya ngamia wake, alimfundisha kumfunga kwanza, kisha amtegemee Mungu. Kumfunga ngamia wetu wa leo ni kumwinua vidole vinne kutoka sakafuni, kumtilia breki, na kuyaandika aliyoyabeba mahali pa pili.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atuhifadhie amana zetu, atulipie madeni yetu kabla ya kufa kwetu, na amrehemu mzee wetu yule na awatunze watoto wake. Amin. Wallahu aalam.