Nyota inayofifia kila siku ya tatu: Elimu iliyofichika katika anga ya Kitui na Makueni

ALASIRI ya Desemba 30, 2024, pete kubwa ya chuma yenye uzani wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani katika kijiji cha Mukuku, Kaunti ya Makueni. Shirika la Anga za Juu la Kenya (KSA) liliichukua na kueleza kwamba, kwa mujibu wa uchunguzi wa awali, ilikuwa kipande cha roketi. Habari hizo zilienea duniani kote.

Hata hivyo, anga ya Ukambani ina matukio mengine yasiyoangusha kitu wala kutoa kishindo, ambayo hutokea kwa ratiba isiyokosa. Mojawapo ni la nyota iitwayo Algol. Kila baada ya siku mbili, saa 20 na dakika 49, nyota hiyo hupoteza takriban thuluthi mbili ya mwanga wake, kisha huurejesha. Mkazi wa Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi anaweza kuliona tukio hilo kwa macho matupu, bila darubini na bila gharama yoyote.

Kwa nini nyota ififie kwa ratiba kama ya saa ya ukutani? Na kufifia huko kunamfaa nini binadamu?

Moja kumbe mbili

Anayesimama usiku kando ya barabara kuu ya Nairobi-Mombasa, tuseme karibu na Emali, akitazama lori linalotoka mbali, huona taa moja tu. Lori linapokaribia ndipo anapotambua kuwa taa ni mbili. Nyota nazo ziko vivyo hivyo, ila zenyewe hazitukaribii. Nyingi tunazodhani ni moja ni mbili au zaidi, zinazozungukana zikiwa zimeshikwa na nguvu za uvutano. Umbali wake ni mkubwa kiasi kwamba mara nyingi hata darubini kubwa hushindwa kuzitenganisha.

Katika baadhi ya jozi hizo, njia ya mzunguko imelala sawia na mstari wa macho yetu. Hapo kila nyota hupita mbele ya nyingine na kuizibia mwanga. Jambo hili halitofautiani sana na kupatwa kwa jua, kama kulikotokea Februari 16, 1980, kivuli cha mwezi kilipopita kusini mwa Kenya na kuleta giza mchana. Tofauti ni kwamba kupatwa kwa jua kikamilifu mahali pamoja huweza kuchukua mamia ya miaka kujirudia, ilhali nyota hizi huzibiana mwanga kila baada ya siku chache. Kwa sababu hiyo tutaziita nyota pacha zinazozibiana mwanga.

Algol ndiyo mashuhuri zaidi miongoni mwazo. Jina lake limetokana na Kiarabu, ra's al-ghul, yaani kichwa cha zimwi. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha, na kwa kweli zimwi hili hula mwanga bila kuumaliza.

Aliyelitatua fumbo lake ni kijana wa miaka 18, John Goodricke, aliyeishi katika mji wa York nchini Uingereza na ambaye alikuwa kiziwi tangu utotoni. Kuanzia Novemba 1782 aliitazama Algol usiku baada ya usiku, akiilinganisha na nyota jirani na kuandika alichokiona. Mwaka 1783 aliiarifu jumuiya ya wanasayansi ya London kuwa nyota hiyo hufifia kwa muda maalumu, na akatoa rai kuwa huenda kuna kitu kikubwa kinachoizunguka na kupita mbele yake. Alitunukiwa nishani ya Copley mwaka huo huo. Alifariki mwaka 1786 akiwa na umri wa miaka 21. Ilikuwa mwaka 1889 ambapo mwanafalaki wa Ujerumani, Hermann Vogel, alithibitisha kwamba rai ya kijana huyo ilikuwa sahihi.

Grafu inavyosema

Mwanafalaki anapochunguza nyota za aina hii huchora grafu. Mstari wa chini huonyesha saa na siku, na wa wima huonyesha ukali wa mwanga. Kwa muda mrefu grafu huwa tambarare, kisha hushuka kama bonde, ikapanda tena. Kutokana na bonde hilo, mambo kadhaa hujulikana.

Kwanza, muda kati ya bonde na bonde hutaja urefu wa mzunguko. Pili, kina cha bonde hueleza ni nyota ipi yenye joto zaidi: ile yenye joto kali inapozibwa, mwanga hupungua sana, na ile ya joto hafifu inapozibwa, hupungua kidogo. Tatu, upana wa bonde hueleza ukubwa wa nyota zenyewe, kwa kuwa nyota kubwa huchukua muda mrefu kupita. Nne, sakafu ya bonde ikiwa tambarare, ni dalili kuwa nyota moja imefunikwa yote au imepita nzima mbele ya nyingine. Ikiwa imechongoka, basi imefunikwa sehemu tu.

Mbali na hayo, wanafalaki huuchanganua mwanga wa nyota katika rangi zake. Kama vile honi ya basi inavyosikika nyembamba basi linapokuja na nzito linapokwenda, rangi za nyota nazo husogea kidogo upande mmoja inapotujia na upande mwingine inapotuacha. Hilo hutoa mwendo wake. Mwendo ukiunganishwa na grafu ya mwanga, uzito wa kila nyota hupatikana kwa hesabu. Ndiyo sababu nyota pacha zinazozibiana mwanga huitwa mizani ya wanafalaki: bila jozi kama hizi, tungejua machache mno kuhusu uzito wa nyota.

Mizani hiyo ilipotumika kwa Algol, ilizua swali gumu. Jozi hiyo iko umbali wa takriban miaka 90 ya nuru kutoka duniani. Nyota zake mbili zimetengana kwa takriban kilomita milioni 10 pekee, ilhali dunia iko kilomita milioni 150 kutoka kwa jua. Moja ina joto kali na uzito unaozidi wa jua mara tatu. Ya pili ina joto hafifu na haifikii uzito wa jua, lakini imevimba kama nyota iliyozeeka. Ajabu ni kwamba nyota nzito ndizo huzeeka mapema, sasa vipi nyepesi imetangulia uzeeni?

Jibu lililokubaliwa na wataalamu ni kwamba iliyo nyepesi leo ndiyo iliyokuwa nzito zamani. Ilipovimba, sehemu kubwa ya gesi yake ilivutwa na mwenzake, hata mwenye mali akabaki maskini na jirani akatajirika. Hivyo grafu ya mwanga ikawa njia ya kuisoma historia ya nyota, wala si uzito wake wa leo pekee.

Setilaiti iliyoitwa Uhuru

Mto Athi, unaopita mpakani mwa Kitui na Makueni, hutiririka hadi Bahari Hindi na kuingia humo kaskazini mwa Malindi kwa jina la Sabaki. Katika pwani hiyo hiyo, karibu na Ngomeni, ndiko Waitaliano walikosimika baharini jukwaa la kurushia roketi lililoitwa San Marco.

Desemba 12, 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, roketi iliondoka katika jukwaa hilo ikibeba setilaiti ya shirika la Marekani la NASA. Msimamizi wa mradi huo, Bi Marjorie Townsend, aliipa jina la Uhuru kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi mwenyeji. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kuchunguza miale ya eksirei inayotoka angani. Miale hiyo haifiki ardhini kwa sababu huzuiwa na hewa. Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa kuwa iko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia huipa roketi msukumo zaidi na setilaiti hukaa katika njia yenye mionzi michache ya kuvuruga vipimo.

Mojawapo ya vitu vilivyochunguzwa na Uhuru ni Centaurus X-3. Eksirei zake zilipigapiga kama moyo, pigo moja kila baada ya sekunde 4.8. Kisha, kila baada ya siku mbili na saa mbili hivi, mapigo hayo yalizimika kwa takriban nusu siku na kurudi. Watafiti walitambua mtindo ule ule wa Algol: kuna kitu kidogo kinachozunguka nyota kubwa, na kikiingia nyuma yake mwanga wake huzibwa.

Kitu hicho ni nyota ya nyutroni, gimba lenye upana wa kilomita 20 hivi, kama kutoka upande mmoja wa jiji hadi mwingine, lakini lenye uzito kama wa jua. Gesi ya nyota kubwa huliangukia kwa kasi na kuwaka kwa eksirei. Jozi nyingine ya aina hiyo, Hercules X-1, pia ilitambuliwa kwa vipimo vya Uhuru. Setilaiti hiyo ilifanya kazi hadi mwaka 1973, na kiongozi wa watafiti wake, Riccardo Giacconi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Manufaa ya nyota hizi hayakuishia hapo. Mwaka 2019 wanafalaki wakiongozwa na Grzegorz Pietrzyński wa Poland walitangaza kuwa, kwa kutumia jozi 20 zinazozibiana mwanga, wamepima umbali wa Wingu Kubwa la Magellan, kundi la nyota lililo nje ya kundi letu. Walipata takriban miaka 162,000 ya nuru, kwa usahihi wa karibu asilimia moja. Vipimo vya umbali wa makundi ya mbali zaidi hutegemea msingi kama huo. Wingu lenyewe huonekana Kitui na Makueni usiku wa Januari usio na mbalamwezi, mfano wa moshi mwepesi upande wa kusini, si juu sana kutoka upeo wa macho.

Jinsi ya kuitazama

Msimu mwafaka wa kuitazama Algol ni kuanzia mwishoni mwa Desemba hadi Februari, mvua za vuli zikiwa zimepungua. Kuanzia saa mbili usiku, elekea kaskazini na utafute Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho wakulima na mabaharia wa Uswahilini wamekitumia tangu jadi kukadiria majira. Kutoka Kilimia, shuka kuelekea kaskazini, kidogo upande wa kushoto. Nyota ya wastani utakayoikuta takriban nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi ndiyo Algol. Chini yake kuna Mirfak, yenye mwanga zaidi. Kushoto kwake kuna Almach. Siku za kawaida Algol hulingana na Almach. Ikizibwa, Almach huishinda waziwazi.

Tukio zima huchukua takriban saa 10: saa tano za kufifia na tano za kurejea. Andika tarehe, saa na ulinganisho wako kila nusu saa. Tuseme umeiona imefifia kabisa Jumatatu saa tano usiku. Itafifia tena Alhamisi saa moja na dakika 49 usiku. Itakayofuata itaangukia Jumapili saa kumi na dakika 38 alasiri, hivyo haitaonekana. Lakini baada ya siku 20 tangu Jumatatu ile, ratiba hujirudia, ikiwa imechelewa kwa saa moja na dakika 43 tu.

Shule yoyote ya upili inaweza kufanya zoezi hili kwa daftari, kalamu na saa. Wanafunzi watajifunza hesabu, fizikia na uvumilivu kwa pamoja. Aidha, vyuo vilivyo karibu, kama vile Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, Kitui, vina nafasi ya kuwaongoza. Chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, AAVSO, kilichoanzishwa mwaka 1911, hupokea takwimu kutoka kwa mtu yeyote popote alipo.

Wala asidhani mtu kwamba yote yamekwisha kugunduliwa. Delta Velorum ni nyota angavu ya anga ya kusini inayoonekana pia Ukambani. Ni mwaka 2000 tu ambapo ilitangazwa kuwa ni jozi inayozibiana mwanga kila baada ya siku 45 hivi, na miongoni mwa walioigundua ni Sebastián Otero, mtazamaji wa Argentina ambaye hakuwa mwanafalaki wa kuajiriwa.

Kinachohitajika zaidi ni giza, na giza ni mali inayoweza kupotea. Miji iliyo kando ya barabara kuu na masoko ya mashambani yanazidi kupata taa. Hilo ni jambo jema kwa usalama na biashara. Hata hivyo, taa isiyo na kifuniko juu hutupa sehemu ya mwanga wake angani, ambako haumsaidii mpita njia, huku mlipaji akigharamia umeme huo. Kaunti zinazoweka taa leo zinaweza kuchagua zile zinazomulika chini pekee. Nyota ikishafifishwa na taa za mjini, hakuna ratiba itakayoirudisha baada ya siku ya tatu.