HATI, KALAMU NA NUKTA: Tuyajue Maneno ya Uandishi



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Amma baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi wa Kiabakari, wakati wa matayarisho ya sherehe ya mwaka, mwanafunzi wetu mmoja wa darasa la juu aliandika mwanzo wa Suratul Alaq kwenye karatasi ya manila, kwa rangi ya kijani. Kazi ilipendeza. Tukaibandika ukutani, na sisi walimu tulikuwa wa kwanza kuisifu. Siku ya tatu mtoto mdogo wa Juzuu Amma akauliza: "Ustadhi, mbona hapa hapana nukta?" Tukatazama. Neno "khalaqa", yaani "ameumba", lilikosa nukta moja ya juu, likawa "halaqa", yaani "amenyoa". Tukasema astaghfirullah, tukaibandua. Kosa halikuwa la mwanafunzi peke yake. Sisi tulimfundisha kupamba kabla ya kumfundisha maana. Ndiyo sababu ya makala haya.

1. HATI. Asili yake ni Kiarabu "khatt", yaani mstari au mwandiko. Katika Suratul Ankabut, aya ya 48, kitenzi cha asili hiyo kimetumika pale inapoelezwa kuwa kabla ya Qur'ani Mtume (S.A.W.) hakuwa akiandika kitabu kwa mkono wake wa kulia. Kiswahili kimelipa neno hili matumizi mawili. Tukisema "fulani ana hati nzuri" tunakusudia mwandiko. Tukisema "hati ya kiwanja" au "hati ya kusafiria" tunakusudia karatasi rasmi. Lisichanganywe na "hatia", ambalo asili yake ni nyingine, yenye maana ya kosa. Kaligrafia, yaani sanaa ya kuandika kwa uzuri na vipimo, Waarabu huiita khatt vilevile, na fundi wake huitwa khattat.

2. KALAMU. Ni "qalam". Sura ya 68 ina jina hilo. Kalamu ya khatt hukatwa kwa tete, na ncha yake huchongwa mshazari ili mstari uwe mnene upande mmoja na mwembamba upande mwingine. Matete tunayo hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Viktoria.

3. DAWATI. Leo ni meza ya mwanafunzi. Katika Kiarabu "dawat" ni kidau cha wino. Jina limehama kutoka chombo cha wino hadi mahali pa kuandikia.

4. KATIBU NA KHATIBU. Katibu ni mwandishi. Ni ndugu wa "kitabu" na "maktaba". Khatibu ni mtoa hotuba siku ya Ijumaa. Ni ndugu wa "hotuba". Mmoja huandika, mwingine husema.

5. NUKTA. Katika Kiswahili ni alama ya kumaliza sentensi. Katika khatt ni kipimo pia. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, anatajwa kuwa ndiye aliyeweka kanuni ya kupima urefu wa herufi kwa nukta za kalamu ileile inayoandika.

Hapa tusimame kidogo. Misahafu ya mwanzo iliandikwa karibu bila nukta, kwani wasomaji waliihifadhi vifuani. Uislamu ulipoenea kwa watu wasiokuwa Waarabu, makosa ya kusoma yakaongezeka, na wanazuoni wakaweka alama na nukta kuilinda Qur'ani. Kwa hiyo nukta ziliwekwa kwa ajili ya watu kama sisi! Wengi wetu tumeanza na Kizanaki, Kijita au Kikurya nyumbani, na Kiarabu tumekikuta madrasa. Sikio linaweza kututoroka kati ya "kh" na "h". Nukta ndiyo inayotushika mkono.

6. KUFI NA NASKHI. Ni majina ya aina za hati. Kufi ina herufi nzito zenye pembe. Mfano wa karibu ni maandishi ya Kufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Naskhi ni laini na rahisi kusomeka. Ndiyo ya misahafu ya Madina iliyoandikwa kwa mkono wa khattat Uthman Taha, kisha ikachapwa.

Ndugu wanafunzi, tunakuusieni mambo matatu. Kwanza, usiandike aya usiyoweza kuisoma. Pili, ukimaliza, msomee mwalimu kabla ya kubandika. Tatu, karatasi yenye aya ikichakaa usiitupe jalalani wala kufungia vitu, ilete madrasa.

Yule mwanafunzi ameandika upya. Safari hii alianza na kutaja kila neno na maana yake, kisha akashika kalamu. Karatasi iko ukutani, na yule mdogo wa Juzuu Amma ndiye aliyepewa kazi ya kuhesabu nukta.

ZOEZI: Andika maneno matano ya Kiswahili yenye asili moja na "kitabu" au "hotuba", na uyatungie sentensi.

Wabillahi tawfiq.