MZIGO WA PAMBA BAHARINI: USIFUNGE UNYEVU NDANI YA NAILONI

Wadau mnaouza khanga, mashuka na taulo mtandaoni, mnaotuma mizigo kwa boti kutoka Kilwa Masoko kwenda Songosongo, hii ni yenu.

Wengi tunaogopa wimbi tu. Ila unakuta mzigo haujapigwa hata tone, mteja anafungua anakuta madoa meusi na harufu ya uvundo. Kwa nini?

Pamba inanyonya unyevu wa hewani, na pwani hewa ina unyevu mwingi, hasa masika. Ukiifunga hivyo kwenye nailoni, mchana jua linapiga, usiku panapoa, ndani yanatoka majimaji kama jasho. Hapo ukungu unaota. Khanga mpya iko hatarini zaidi kwa sababu ya dondo: ule ni wanga, na ukungu unakula wanga.

Fanya hivi:

1. STOO. Usiweke mzigo sakafuni wala usiubananishe ukutani. Tumia chaga, acha upenyo hewa ipite.

2. KUFUNGA. Funga mchana wa jua. Ukishika nguo ukasikia ubaridi wa unyevunyevu, itandaze kwanza kivulini penye upepo. Kisha nailoni mbili, juu yake kiroba. Boksi peke yake likilowa linachanika.

3. KWENYE BOTI. Mwombe nahodha mzigo ukae juu ya mbao, mbali na maji ya ngama, samaki na madumu ya mafuta. Juu turubai.

4. MAFUTA. Nguo iliyomwagikiwa mafuta ya ufuta au alizeti usiirundike na nyingine, inaweza kupata joto yenyewe. Siyo hadithi: kanuni za kimataifa za mizigo ya hatari baharini zinataja pamba iliyolowa na mabaki ya pamba yenye mafuta kuwa vinaweza kuwaka vyenyewe.

5. MAJI YA CHUMVI YAKIINGIA. Usianike tu. Chumvi inabaki kwenye nyuzi na inavuta unyevu tena. Suuza siku hiyohiyo kwa maji yasiyo na chumvi, ndiyo uanike. Dondo litatoka, kwa hiyo punguza bei na mwambie mteja ukweli.

Mwisho, piga picha kabla na baada ya kufunga, na mkubaliane mapema na mteja nani anabeba hasara ya njiani.

Nailoni ya pili ni hela ndogo. Korija moja ikiota ukungu ni mtaji umekwenda, na mteja harudi.

Wewe mzigo wako unaufungaje? Tuambie hapo chini.