Usimwulize Mama, Uulize Mshumaa



Kila Jumatatu asubuhi, kengele ya shule inapolia nchini Marekani, wapo watoto zaidi ya milioni moja ambao kengele hiyo haiwahusu. Si watoro, wala si kwamba shule iko mbali. Watoto hao wanasomeshwa nyumbani kwa ruhusa ya sheria, na mwalimu wao ni mama au baba.

Katika mazungumzo ya juma hili nataka tulitazame somo moja tu linalowatoa jasho wazazi hao, nalo ni sayansi. Nimelichagua kwa sababu njia waliyoitafuta ya kulifundisha inatuhusu hata sisi, ambao watoto wetu huvaa sare kila siku na kwenda shule.

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Zamani, kabla shule za serikali hazijaenea, watoto wengi wa Marekani walijifunza kusoma nyumbani kwao. Baadaye zikaja sheria za kuwalazimisha watoto kwenda shule, na mzazi aliyebaki na mwanawe nyumbani aliweza kufikishwa mahakamani. Upepo ulianza kugeuka miaka ya 1970. Mwalimu mmoja, John Holt, aliyekata tamaa ya kuzirekebisha shule, alianza mwaka 1977 kuchapisha jarida la kuwasaidia wazazi waliotaka kuwafundisha watoto wao wenyewe. Wazazi wenye sababu za dini nao wakaongezeka. Kufikia 1993, majimbo yote 50 yalikuwa yamekubali.

Mwaka 1999 serikali ya nchi hiyo ilikadiria kwamba watoto wa namna hiyo walikuwa 850,000. Mwaka 2019 walikadiriwa kufika milioni moja na nusu hivi. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Idara ya sensa iliona kwamba, katika kila kaya 100 zenye watoto wa umri wa shule, zilizosema zinasomesha nyumbani zilipanda kutoka 5 hivi hadi 11 katika mwaka huo mmoja wa 2020.

Sheria hazifanani. Jimbo la New York humpa mzazi orodha ndefu ya masomo, sayansi ikiwamo, na humtaka apeleke taarifa ya maendeleo kila robo ya mwaka. Texas yadai masomo matano tu: kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Sayansi haimo. Maana yake ni kwamba katika Texas mtoto anaweza kumaliza miaka yote ya msingi bila kushika sumaku, na sheria isimwulize mzazi wake neno. Jambo lote limeachwa kwenye dhamiri ya mzazi.

Sasa tatizo liko wapi? Kusoma na kuandika hufundishika mezani, baada ya vyombo vya chai kuondolewa. Hesabu kadhalika. Lakini sayansi ni somo la mikono. Linataka maji yamwagike, udongo uchimbwe, nyaya ziunganishwe. Mzazi naye mara nyingi aliliogopa somo hilo alipokuwa shuleni, hivyo hununua kitabu, humsomea mtoto, humwuliza maswali yaliyo mwishoni mwa sura, na mambo huishia hapo.

Tena kuna upungufu mwingine usioonekana upesi. Mtoto aliye peke yake hana wa kubishana naye. Mama akisema msumari utazama, basi utazama. Nani atampinga mama?

Ndiyo sababu familia hizo zilianza kukusanyika. Wazazi kadhaa wa mji mmoja huungana; aliyewahi kuwa muuguzi hufundisha habari za mwili, fundi umeme hufundisha habari za umeme. Majumba ya makumbusho ya sayansi na vituo vya mazingira navyo viliona nafasi. Siku za kazi asubuhi, watoto wengine wanapokuwa shuleni, kumbi zao huwa na nafasi. Basi wengi wakaanzisha madarasa maalumu kwa ajili ya watoto wanaosoma nyumbani, wa umri wa miaka 6 hadi 11 hivi, kwa saa moja au mbili.

Humo hufanyika nini? Nitataja somo moja linalopendwa sana. Bundi humeza panya mzimamzima. Nyama huyeyuka tumboni, lakini manyoya na mifupa haiyeyuki, hivyo bundi huitapika ikiwa bonge kavu lenye ukubwa wa kidole gumba. Mabonge hayo hukusanywa, hutiwa joto la kuua vijidudu, na kila mtoto hupewa la kwake pamoja na kibano na kijiti cha kuchokolea meno. Mtoto hufumua taratibu. Mara fuvu, mara taya lenye meno, mara mbavu nyembamba kama uzi. Huipanga mifupa juu ya karatasi, akiilinganisha na mchoro, mpaka panya mzima anaonekana. Kwetu bundi ni ndege wa uchuro, na bibi zetu wangetema mate chini kwa kusikia habari hii. Lakini mtoto aliyeipanga mifupa ile kwa mikono yake hahitaji kukaririshwa nani anamla nani katika shamba. Amekwisha kuona.

Hata hivyo, ndugu wasikilizaji, si kila darasa la vitendo ni darasa la sayansi. Mengine ni mazingaombwe. Mwalimu humimina siki juu ya magadi, povu linafurika, watoto wanapiga makofi, kisha wanakwenda nyumbani. Wameona nini? Wameona povu. Hakuna aliyeulizwa anatazamia nini, na hakuna aliyejaribu kubadili kitu hata kimoja. Mikono ilikuwa na kazi, akili ilikuwa likizo.

Tofauti ya mambo haya mawili inaonekana vizuri katika jaribio la mshumaa, ambalo kila mmoja wetu anaweza kulifanya jioni hii umeme ukikatika. Simamisha mshumaa katikati ya sahani. Mimina maji kidogo sahanini. Uwashe, kisha ufunike kwa gilasi. Baada ya muda mfupi moto unazimika, na maji yanapanda ndani ya gilasi.

Vitabu vingi vya shule vimeeleza jambo hili hivi: hewa ina oksijeni sehemu moja kwa tano, mshumaa umeila yote, maji yamepanda kushika nafasi yake. Maelezo ni mepesi, yanakaririka, na mzazi anayefundisha kwa kitabu atayarudia kwa nia njema kabisa. Lakini maelezo hayo si sahihi.

Utajuaje? Hapo ndipo mwalimu mzuri hafungi mjadala. Huwaambia watoto: sasa tuweke mishumaa mitatu chini ya gilasi ileile, maji yatapanda vilevile, zaidi, au pungufu? Kila mmoja aandike au achore jibu lake kabla kiberiti hakijawashwa. Wabishane. Kisha jaribio lifanywe.

Maji hupanda zaidi. Lakini oksijeni iliyomo ndani ya gilasi ni ileile! Kama oksijeni ingekuwa ndiyo sababu, mishumaa mitatu isingepandisha maji kuliko mmoja. Tena mtoto mwenye macho makali atasema jambo jingine: maji hayakupanda polepole wakati moto ukiwaka, bali yalipanda kwa haraka moto ulipofifia na kuzimika. Na pengine mwingine aliona mapovu yakitoka ukingoni mwa gilasi mwanzoni.

Basi sababu inaanza kujitokeza. Moto uliipasha joto hewa ya ndani, hewa ikapanuka, nyingine ikatoroka. Moto ulipozimika, hewa iliyobaki ikapoa na kusinyaa, na hewa ya nje ikayasukuma maji ndani. Oksijeni ilitumika, naam, lakini si yote, kwani moto huzimika kabla haijaisha. Na mshumaa unapoungua hutoa hewa nyingine, kaboni dioksidi, pamoja na mvuke.

Tazameni kilichotokea hapo. Kitabu kimesahihishwa na mtoto wa miaka tisa kwa mishumaa mitatu. Hakumwuliza mama wala mwalimu. Aliuliza mshumaa, na mshumaa ukajibu. Hiyo ndiyo sayansi kwa vitendo, na vyote vilivyotumika vinapatikana jikoni.

Wala ujuzi huu si wa jana. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, hakupata shule ya maana huko Uingereza. Alijifunza mwenyewe kwa kusoma vitabu alivyokuwa akivijalidi akiwa mwanagenzi, na majaribio aliyoyasoma akayafanya kwa mikono yake. Akawa mmoja wa wanasayansi wakubwa wa umeme duniani. Alipopewa jukwaa mjini London la kuwafundisha vijana wakati wa Krismasi, mwaka 1848 na tena majira ya 1860 kuingia 1861, alichagua habari ya kitu gani? Mshumaa. Aliona kwamba ndani ya moto ule mdogo kuna mlango wa kuingilia karibu sayansi yote.

Na sisi tunaye wetu. Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, nchini Tanganyika, kijana Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Nafasi katika friji ilikuwa haba, akaogopa kuikosa, akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda mapema kuliko ya mwenziwe ambayo hayakuchemshwa. Alipomwuliza mwalimu, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, na mwalimu akafanya mzaha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Ndipo Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, alipoitembelea shule hiyo. Mpemba akauliza mara ya tatu, mbele ya wenzake waliomcheka. Osborne hakucheka. Alirudi akaagiza jambo lijaribiwe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja makala juu yake. Hadi leo wanasayansi wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli na kwa masharti gani, na dunia nzima hulitaja kwa jina la Mpemba.

Sasa nauliza: ni akina Mpemba wangapi walionyamaza baada ya kuchekwa mara ya kwanza?

Sisemi tuwatoe watoto shuleni. Wazazi wetu walio wengi huondoka alfajiri kutafuta riziki na kurudi usiku. Nani atabaki kufundisha? Na sheria nazo hazifanani na za Marekani. Kenya, kwa mfano, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Lakini mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, kila nyumba iligeuka darasa, na wazazi wengi walibaki na daftari mkononi wasijue waanzie wapi. Na kila mwaka kuna likizo ambazo watoto huzimaliza mbele ya televisheni na simu.

Aidha, wazo la kufundishia kwa vitu vilivyo karibu si geni huku kwetu. Miaka ya 1960 ulikuwapo mpango wa sayansi ya shule za msingi barani Afrika, uliofika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto walijifunza kwa mchanga wenye maji, kwa mbu, na kwa kile kidudu kinachochimba kishimo mchangani ili sisimizi watumbukie. Badala ya kuambiwa kidudu kinafanya nini, waliambiwa wakiulize chenyewe.

Basi mzazi mwenye nusu saa Jumamosi anaweza kuanza. Atie karatasi yenye maji ndani ya gilasi, na maharage machache kati ya karatasi na kioo, moja kichwa juu, moja kichwa chini, moja ubavu. Awaulize watoto mizizi itaelekea wapi. Waandike. Baada ya siku chache wataona kwamba mizizi yote inatafuta njia ya chini, hata ile iliyoanza kwa kutazama juu. Kisha awaulize: na tukiigeuza gilasi?

Masharti ni machache. Waalike watoto wa jirani, wawe watatu au wanne, ili pawe na ubishi. Moto na vitu vikali vishikwe mtu mzima akiwapo. Mtoto aseme anachotazamia kabla ya kujaribu. Kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Na mzazi asione haya kusema, "Sijui, hebu tujaribu." Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mtoto anayewasikia wakubwa wake wakisema hivyo hataogopa kuuliza mara ya pili, hata akichekwa.